Tone Moja Kutwa Nzima

Ndugu Mkuu wa Maabara ya Dawa za Macho,

Natumaini hujambo, na akili yenu ya kuvumbua mambo bado ni kali. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, mgonjwa wa macho makavu, mmoja wa watu mliotuchagua kuijaribu dawa yenu mpya. Naandika kuilalamikia kwa sababu inafanya kazi.

1. Dawa ya zamani ilikuwa na adabu. Ukipepesa mara tatu imeshateremka shavuni, kwa hiyo ilitiwa kila baada ya saa mbili. Mikono yangu inatetemeka, siwezi kujitilia. Basi asubuhi alikuja binti yangu, baadaye shemeji, mchana jirani wa mlango wa pili, kisha mjukuu akitoka shule. Kila mmoja alitia tone, akakaa, akamsema bosi wake au mwalimu wake.

2. Nyinyi mkaona hilo ni tatizo. Daktari alinieleza kwa fahari kwamba mmechukua polima ya maganda ya uduvi, mkaibadilisha kikemia kwa kuipachika vikono vya salfa, navyo vinashikana na ute wa jicho hata tone moja likang'ang'ania kutwa nzima. Hongereni sana. Nani aliwaambia nina haraka?

3. Sasa binti yangu anapita saa kumi na mbili asubuhi, mkoba begani. Ananiinua kidevu, tone huku, tone kule, kwaheri baba. Sekunde arobaini, nimezipima. Shemeji amejiunga na kwaya. Jirani ananipungia mkono dirishani, eti anafurahi nimepata nafuu. Mjukuu naye anauliza, babu, si umeshatiwa?

4. Kwa hiyo naomba vikono vya salfa vipunguzwe nusu. Ikishindikana, tieni sabuni kidogo. Ikishindikana hilo pia, nitengenezeeni polima ya kupaka kwenye kiti cha wageni, imshike mtu walau saa moja. Kwa wataalamu kama nyinyi hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu.

5. Nimechoka kukaa peke yangu. Kwenye fomu yenu ya madhara ya dawa sikuona pa kuliandika hilo.

Wasalimie wote hapo maabara, na dada wa mapokezi, na uduvi waliobaki.

Wako mwenye macho yaliyolowa vizuri,
Fundi mstaafu

Tanbihi: Yote ya hapo juu ameyaandika binti yangu, maana nilimwambia herufi bado sizioni. Siku ya nne leo anakuja jioni tuitunge barua hii. Namba 5 aliiandika, akanitazama, kisha akaenda kuchemsha chai. Haya naandika mwenyewe, bila miwani, na bahasha nitaifunga kabla hajarudi. Dawa ni nzuri, msiiguse. Ila nijibuni kwa barua ndefu, kurasa kumi hivi, herufi ndogo kabisa, ili aje anisomee.