Mwanao Ameninyang'anya Hata Buli

Kwa Bi Saodat,
Mama mzazi wa Usta Mirzohid,
Kokand.

Marghilani, Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Mama yangu mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba zabibu zilivunwa kabla ya mvua ya juzi. Mimi ni Elmurod, umri miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwanao. Hatujawahi kuonana. Siku ulipotutembelea na kapu la komamanga nilikuwa nyumbani, ila Usta, fundi wangu, alikuwa amenifungia stoo kwa saa tatu, kwa sababu ambazo hakuzieleza. Komamanga zilikuwa tamu. Aliniachia mbili.

Si kawaida yangu kushtaki wakubwa. Nimekuandikia wewe kwa kuwa nimechunguza na kuthibitisha kwamba hakuna mtu mwingine ambaye mwanao anamwogopa. Tarehe 2 Juni nilimwona akisimamisha treni ya mizigo kwa mikono miwili, uso haukubadilika. Jioni ile ile ulimpigia simu ukamuuliza kama amekula. Alivua kinyago, akasimama wima, akajibu, "Nimekula, Mama," kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Hakuwa amekula. Naripoti nilichokiona.

Shida yangu ni hii. Ijumaa tarehe 10, baada ya sala, wazee wa mtaa watakaa uani kwa mwenyekiti kuwafunga mshipi vijana waliohitimu kwa mafundi wao. Mwanafunzi wa mwoka mikate atafungwa. Mwanafunzi wa kinyozi atafungwa pia, ingawa sikio la mzee Ergash bado halijapona. Mimi simo kwenye orodha. Usta akisema neno moja tu, nitaingizwa. Hajalisema. Wakati huo huo baba yangu kule Rishton amekwisha kualika watu arobaini. Jana alinipigia simu: "Kondoo yuko tayari, mwanangu. Wewe je?" Nilimjibu kwamba mimi na kondoo tuko katika hali moja.

Nakuomba umwamuru mwanao anifunge mshipi. Malalamiko yangu, kwa mpangilio wa uzito, ni haya:

1. Nimemimina chai kwa miaka miwili na miezi minne. Kwa hilo silalamiki. Mwanafunzi wa fundi visu humimina chai, mwanafunzi wa mfinyanzi humimina chai, na sioni kwa nini mwanafunzi wa Korongo, mlinzi wa mji huu anayeruka, asimimine. Lakini mwanafunzi wa visu baada ya miaka miwili hupewa kisu. Mimi sijapewa hata kinyago. Ninachovaa nilikikata mwenyewe kwenye gunia la unga, na kipande kizuri pekee kilikuwa kile chenye maandishi, kwa hiyo kwenye paji la uso nimeandikwa DARAJA LA KWANZA, KILO HAMSINI.

2. Kila Usta anapotoka kwenda hatarini, huuma mkate mara moja, nami huutundika msumarini umsubiri arudi aumalize. Nimeitunza mikate thelathini na saba. Sijaonja hata mmoja, isipokuwa ule wa kumi na tisa, ambao panya alianza. Mwezi wa Mei niliuma mkate wangu nikautundika kando ya wake. Akauona.

"Huu wa nani?"

"Wangu, Usta."

"Unakwenda wapi?"

"Popote utakaponituma."

"Nenda dukani ukalete chumvi."

Nilikwenda, nikarudi salama. Mkate wangu ulikuwa umeshaliwa na kuku.

3. Usafiri. Usta huruka. Mimi hupanda gari la abiria namba 6, ambalo husubiri lijae ndipo liondoke. Kiwanda cha hariri kilipowaka moto nilifika dakika arobaini baada ya moto kuzimwa. Mama mmoja aliyekuwa anafagia majivu akaniangalia kuanzia maandishi mpaka viatu. "Wewe ndiye msaidizi wake?" Nikasema ndimi. "Haya, msaidizi, shika fagio." Hadi leo nimefagia maeneo ya matukio kumi na tisa.

Niliomba kubebwa. Usta akauliza nina kilo ngapi. Sitini na mbili, nikasema. "Ukifika hamsini tuongee." Niliacha pilau wiki tatu. Nilipofika hamsini na sita nilizimia juu ya sinia la vikombe, ikabidi Usta anibebe angani mpaka hospitali. Majirani wanasema tulipita juu ya soko, tukazunguka mnara, ilikuwa nzuri sana. Kwa hiyo nimewahi kuruka, lakini sina ninachokumbuka.

4. Hili ndilo analonishikia. Naomba ulisome kwa utulivu.

Jumapili tarehe 24 Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sufuria la pilau la watu mia tatu lilipaa kutoka kwenye harusi ya mtaa wa pili, pilau likiwa ndani. Mhusika alikuwa Hikmatilla, anayeitwa Sumaku, mtu ambaye chuma chochote humfuata akikiita. Usta alimkamata juu ya mfereji. Sufuria lenyewe likaendelea na safari kuelekea sokoni. Usta akamleta Sumaku nyumbani, akamketisha kwenye kitanda cha uani, akaniambia, "Mwangalie huyu asiondoke. Nakuja sasa hivi."

Hakuniachia kamba. Pingu tunazo, lakini kumfunga Sumaku kwa pingu ni kumpa zawadi. Nikabaki na silaha moja niliyofundishwa.

Mama, wewe umepokea wageni tangu kabla sijazaliwa, huhitaji kuelezwa. Mgeni unayetaka akae unammiminia robo kikombe, akirudisha unammiminia robo nyingine, na maadamu unamimina hivyo hawezi kuinuka bila kuidharau nyumba. Anayejaziwa kikombe mpaka ukingoni ameambiwa kwaheri.

Nikaanza na robo.

"Chai nzuri," Sumaku akasema. "Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Nimekatazwa kusema."

"Na hiyo kilo hamsini ni uzito wako?"

"Ulikuwa, karibu."

Mara tatu aliegemeza kiganja kwenye goti kutaka kuinuka. Mara tatu nilimwahi kwa vijiko viwili vya chai. "Ah! Umenikamata tena," akasema, akakunja miguu upya. Ni mtu mbaya sana, lakini mama yake alimlea. Alikunywa vikombe arobaini na kimoja kwa saa mbili na dakika kumi. Nimeulizia kituo cha polisi: muda mrefu zaidi waliowahi kumshikilia wao ni dakika kumi na moja, na walikuwa tisa, wenye mlango wa chuma, ambao aliondoka nao.

Kisha mtoto wa mwoka mikate akapiga kelele getini: "Korongo amelidaka sufuria! Amelitua sokoni, halijamwagika!" Niligeuza shingo kwa furaha. Nilipoirudisha, kikombe cha arobaini na mbili kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni na chai nyingine imemwagikia kwenye kisahani.

Wote wawili tulikitazama.

"Haya, bwana," Sumaku akasema taratibu. "Nimeelewa."

Alikunywa chote. Akafungua viganja akaiombea nyumba, akajipangusa uso, akaweka mkono kifuani kuaga, akavaa viatu. Nilimfuata mpaka getini. "Kaa kidogo, bado mapema," nikamsihi. "Hapana, hapana, usijilazimishe," akasema, "nimekuchosha mno." Nilipomwambia kwamba nimekosea akazidi kuamini kwamba namstahi. Geti, likiwa la chuma, lilijifunga lenyewe nyuma yake.

Usta alirudi baada ya dakika nne.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka, Usta."

"Amekutoroka?"

"Hapana. Ameaga."

Akaona kisahani. Akakaa kwenye ngazi na kinyago mkononi. "Umemjazia," akasema. Sikukana. Nilitegemea atafoka, maana bibi harusi alifokewa kwa kosa dogo zaidi asubuhi ile na mama mkwe wake. Hakufoka. Alilichukua buli mkononi mwangu, akajimiminia mwenyewe. Tangu siku hiyo, yaani siku arobaini na nne, anajimiminia mwenyewe, na mimi ninakaa mbele yake mikono mitupu kama mgeni. Wanafunzi wa mtaa mzima wamesikia. Yule wa kinyozi, mwenye damu ya mzee Ergash mikononi, anapita akiniuliza: "Vipi, Elmurod, leo umemsindikiza nani?"

Naomba hoja hii ipimwe kwa haki. Nilimzuia mhalifu mkubwa wa bonde zima la Ferghana kwa majani ya chai. Kosa ni la tone la mwisho. Fundi hafukuzi mwanafunzi aliyejenga ukuta mzima kwa sababu ya tofali moja, hata kama nyumba imeanguka.

5. Nilipomuuliza wazi kwa nini haniamini, Usta hakutaja Sumaku. Alisema, "Elmurod, buli nitakurudishia. Tatizo langu na wewe ni mdomo. Hauna breki." Nimeumia. Katika kazi yetu jina la kweli la Korongo ni siri ya kwanza na ya mwisho, na kwa miaka miwili na miezi minne nimeitunza. Nimemwambia kinyozi peke yake, kwa kuwa aliniuliza huku ameniwekea wembe shingoni. Na mke wa kinyozi, aliyekuwa amesimama pale. Na abiria mmoja wa gari namba 6, ambaye baadaye alishuka. Wote watatu waliapa. Usta anaogopa nini? Kwamba nitakwenda kumweleza mtu asiyejua? Nimeorodhesha watu wote wanaomhusu, Mama, na kila mmoja anajua tayari, kuanzia wewe uliyemzaa.

6. Mwisho, kwa masikitiko, naripoti kwamba wiki tatu zilizopita nililetewa tikiti lenye kikaratasi: "Kwa mdogo wangu wa chai. Ukichoka huko, njoo. Kwangu mshipi unafungwa mwaka wa kwanza, na utalala ndani, si stoo." Hakikuwa na sahihi, ila tikiti liliviringika lenyewe kutoka getini mpaka miguuni pangu, na lilikuwa limefungwa waya. Nimelila tikiti. Barua sijaijibu. Sisemi nitakwenda. Nasema tu kwamba watu arobaini wamealikwa, na kwamba kati ya wakubwa wawili ninaowajua katika kazi hii, ni mmoja tu amewahi kuisifia chai yangu, na mji mzima unamtafuta.

Kwa hiyo naomba mambo matatu: jina langu lipelekwe kwa mwenyekiti kabla ya Alhamisi adhuhuri; buli lirudishwe mbele ya mashahidi, yule wa kinyozi akiwa mmojawapo; na nibebwe angani mara moja nikiwa macho. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Sema umeota.

Kama nimevuka mpaka, nisamehe kama ungemsamehe mwanao, maana nimekaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na baba yangu, na ndiye ninayetaka anifunge, si mwingine. Nisalimie mama mdogo Hamroxon, majirani wa kulia na wa kushoto, yule mbuzi mwenye pembe moja ambaye Usta humtaja kwa jina, na wote wanaokuulizia habari za Marghilani.

Ni mimi, kwa heshima na mikono mitupu,

Elmurod, mwana wa Tursunqul wa Rishton

Tanbihi: Binti yako Munavvar, niliyemwomba akuletee barua hii, ameisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Sasa ameshika kichwa. "Elmurod, umetuua! Mama anajua kaka ni fundi friji! Miaka kumi na mbili tunamficha, mtu ana presha!" Amekataa kuibeba. Ningeiandika upya, lakini karatasi zimekwisha, Ijumaa imebaki siku tatu, na dereva wa gari la Kokand anapiga honi nje, kwa hiyo nampa yeye, nimeshamweleza jambo lenyewe ili ajue uzito wa mzigo. Tafadhali, kila nilipoandika Korongo soma fundi. Sumaku awe mteja msumbufu. Treni ya mizigo ichukuliwe kuwa friji kubwa ya hoteli. Kuhusu kuruka, nimefikiri tangu honi ya kwanza mpaka hii ya tano, na sijapata kitu chochote kwenye friji kinachofanana nako.