Shati la Kufutia Mwanga

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa kituo anastaafu. Kiti chake ni changu! Mimi nina miaka kumi na mmoja hapa; Miwani, mwenzangu wa zamu, ana miwili na vyeti vya chuo. Leo Mkuu katuambia mwanga tunaoutuma kwenye mkongo wa intaneti, kilomita mia tatu, unafika umevurugika. Skrini inaonyesha makosa sitini kwa dakika. Atakayeyapunguza kufikia Ijumaa, huyo ndiye atakayempendekeza. Miwani kaomba siku tatu za kupima. Kupima! Mtu asiposikia si unapaza sauti?

Jumanne, 4 Juni
Miwani alipokwenda kula, nikaongeza nguvu ya mwanga. Makosa arobaini! Nikaongeza tena. Mia mbili. Nikaongeza kidogo tu, kwa adabu. Mia tisa. Nikamwambia Mkuu nawashuku wachimba mitaro. Akauliza mitaro ipi. Nikakohoa.

Jumatano, 5 Juni
Nimechomoa kichwa cha waya unaotoka mtamboni. Pamba ya kusafishia iko kabatini kwa Miwani, na mimi siombi. Nikakifuta kwa pindo la shati, lile lenye mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Makosa yakashuka hadi hamsini. Mkuu kanipa mkono! Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mama mkwe kauliza kama mgongo unaniuma.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Miwani kaeleza mbele ya Mkuu kwamba mwanga ukizidishwa nguvu hujivuruga wenyewe humo mkongoni. Shati langu liliupunguza kwa uchafu tu, na uchafu huo nusura uunguze kichwa cha waya. Akakisafisha, akashusha nguvu, akafunga kijisanduku cha kukusanya mwanga uliotawanyika njiani. Makosa mawili. Mawili! Kapendekezwa yeye. Nimejifungia chooni nikahesabu vigae. Imeniuma kwelikweli.

Jumatatu, 10 Juni
Miwani kanipa ufunguo wa kabati la pamba. Kasema, kaka, ukihitaji chukua tu, usione haya. Nimemshukuru huku nimeuma meno.

Nimetafakari siku mbili nzima na kosa langu nimeliona. Nilifuta mara moja tu! Nimemsihi mke wangu asilifue lile shati. Miwani ana mapumziko keshokutwa.