Kongosho Langu Limeonewa

Kwa Daktari Hedvig Stålnacke,
Kituo cha Afya.

Daktari mpendwa,

Natumaini theluji haijaziba mlango wako. Mimi mzima, au nilikuwa mzima hadi Jumanne, majibu yangu ya damu yalipofika. Naomba kwa heshima yafutwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Sukari yangu ni 5.4. Wewe mwenyewe umeandika "iko sawa". Hapo ungeweka kalamu chini tukabaki marafiki.

2. Ukaenda kupima na insulini, ikawa 25. Ulinieleza kwamba insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye seli ili sukari iingie, na kwamba seli zangu zimekuwa viziwi, basi kongosho linabisha kwa nguvu zaidi. Sasa Daktari, kosa la kongosho ni lipi? Linafanya kazi ya watu watatu bila kununa. Kwetu kwenye kiwanda cha mbao, mtu wa namna hiyo hutunukiwa saa ya ukutani.

3. Ukazidisha 5.4 kwa 25, ukagawanya kwa 22.5, ukapata sita, kipimo chenu cha uziwi wa seli, wakati karatasi yenu inataka isizidi mbili na nusu. Sukari njema imehukumiwa kwa sababu ya jirani yake! Hata mimi nikizidishwa kwa shemeji yangu Egil nitaonekana mlevi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu Gunvor, ambaye baba yake alipofushwa na kisukari, aliisoma ile sita akaikunja karatasi. Kisha: "Mzee wangu, mikate ya mdalasini basi. Nataka unione nikizeeka." Hakuwa akitania. Tangu hapo, kwenye fika, ile kahawa yetu ya saa nne, natafuna karoti. "Sungura, leo umetuokea nini?" wananiuliza wenzangu wa kiwandani. Mimi, mwokaji wao wa Ijumaa tangu enzi za nywele zangu!

Nangoja barua ya kulisafisha jina la kongosho. Nisalimie wauguzi wote, hata Maj-Britt aliyenitafuta mshipa kama mtu aliyepoteza funguo.

Wako mtiifu, mwenye njaa,
Ragnvald Öhlin

Nyongeza: Maj-Britt amepiga simu sasa hivi. "Ragnvald, asubuhi ile ya kutolewa damu kweli hukula?" Kabisa, dada, nikamwambia, sikutia kitu mdomoni zaidi ya fika. "Fika na nini?" Na mikate miwili, kama kawaida, tangu lini fika ikawa kula? Akasema insulini hupanda mtu akila, kwa hiyo ile sita haihesabiki. Gunvor, aliyekuwa akisikiliza, alicheka mpaka akakaa sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alhamisi narudi kupimwa, tumbo tupu kweli. Tafadhali ichane barua hii. Karoti zinabaki hadi namba mpya itoke, na hiyo, Daktari, ndiyo ninayoiogopa: ikiwa mbaya tena, sitakuwa na pa kuilalamikia.