Dakika Ishirini na Sita za Shahinaz

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya thelathini na tatu ya ndoa. Shahinaz amejifunga kitambaa cha rangi ya komamanga, na Kairo nzima imependeza kwa sababu hiyo.

Kisha msiba. Tangazo limebandikwa kituoni kwetu. Treni za upande wetu hazitakwenda tena moja kwa moja katikati ya mji. Zikifika Sabil, kituo cha tano, zitapinda kuelekea chuo kikuu na hospitali kuu. Anayekwenda mjini atashuka, atapanda ngazi, atavuka upande wa pili, atashuka ngazi nyingine na kungoja treni nyingine. Wakazi wanakaribishwa kutoa maoni Jumamosi, ukumbi wa klabu ya vijana.

Msomaji angeuliza, msiba uko wapi hapo? Uko hapa. Tunaishi kwa Mama. Vyumba viwili. Nyumba yetu wenyewe haina sakafu wala milango, na fundi wa vigae alikwenda kwao kuzika tangu Agosti. Sijui anazika kijiji kizima. Kati ya kitanda chetu na cha dada yangu Galila kuna kabati tu. Nikimnong'oneza mke wangu neno tamu, kabati linakohoa. Mahali pekee tunapokuwa wawili ni ndani ya metro, asubuhi, tukiwa tumebanwa na watu mia tatu wasiotujua. Vituo kumi na moja. Dakika ishirini na sita. Shahinaz angeweza kupanda behewa la wanawake, lenye hewa na umbea mzuri. Hapandi. Anakuja kusimama chini ya kwapa langu na kunisikiliza. Mwanamke gani mwingine duniani?

Nimemwonyesha tangazo. Amelisoma mara mbili, akasema basi tutoke nyumbani mapema kidogo, tukae mahali, tunywe chai wawili. Maskini, alikuwa bado na usingizi. Nitapigana.

Jumatatu, 3 Novemba

Vita huanza kwa utafiti. Mwenye duka la miwani ninakofanya kazi anaamini ninaumwa jino, kwa hiyo nilikuwa huru asubuhi nzima. Nimewauliza abiria arobaini wanakwenda wapi, na kufanya nini.

Miaka kumi na miwili ninapanda treni hii na sikuwahi kujiuliza. Ni jambo la ajabu sana. Kuna mtu mwenye njiwa wawili ndani ya boksi la viatu. Huwauza kila Jumatatu ng'ambo ya mto, na Jumanne wamesharudi nyumbani kwake. Anasema yeye wambadilishie njia wapendavyo, njiwa wao hawapandi metro. Kuna karani ambaye hupitiliza kituo chake makusudi, afike mwisho, arudi, kwa sababu nyumbani ana mapacha na hapa ndipo anapolala. Nilitaka kumkumbatia. Mwenzangu kabisa.

Kuna pia Hajati Tafida, mama mzee mwenye begi la plastiki lenye taulo na machungwa. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali kuu kusafishwa damu, figo zake zimechoka. Anashuka Sabil, kisha basi dogo, kisha basi dogo lingine, kisha kwa miguu. Njia mpya itamfikisha mlangoni. Aliniuliza, "Mwanangu, ni wewe unayetuletea hiyo treni?" Kabla sijajibu akaniombea dua, mimi na kizazi changu chote, akanipa chungwa.

Nimelila. Nimemwandika: msimamo haueleweki.

Hesabu: wanaoitaka njia mpya kumi na mmoja, wasioitaka kumi na nane, asiyeeleweka mmoja, walionidhania mtu wa kodi tisa, aliyelala mmoja.

Jumanne, 4 Novemba

Nina saini za kuipinga njia mpya, za wanaume sitini na wawili. Za wanawake, sifuri. Watu wa metro watasema wanawake hawana neno. Ningemtuma Shahinaz, lakini nataka mambo yote yawe zawadi kwake, ya kumshtukiza.

Hivyo nimeingia behewa la wanawake.

Nilijua ni marufuku. Nilidhani karatasi mkononi humfanya mtu kuwa kama afisa. Mlango ulipofungwa, mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga ya mlukhiya mapajani, jani kwa jani, akauliza kwa upole kama nimepotea njia au nimepotea akili. Mwingine akasema tusimwonee, huenda ni mwanamke mwenye bahati mbaya ya ndevu. Nikajieleza haraka. Nikasema nakusanya saini. Wakaichukua karatasi, ikazunguka, wakatia saini kumi na saba, wote wakicheka. Nikaona nimeshinda.

Kituo kilichofuata askari alikuwa ananingoja. Nimetozwa faini. Karatasi niliisoma baadaye. Juu ya saini hizo mama wa mlukhiya ameandika kwa mwandiko mzuri sana: "Sisi tuliosaini tunaomba wanaume kama huyu washushwe mapema zaidi."

Jioni Shahinaz alikwisha kujua. Mmoja wa wale kumi na saba anafanya naye kazi duka la dawa. Amecheka mpaka akakaa chini. Kicheko chake ni kama sukari inayomiminwa kwenye bakuli. Aliniuliza mbona sikumwambia tu. Nikasema siri. Akasema, "Siri gani, Bahgat? Behewa zima lina jina lako."

Jumatano, 5 Novemba

Mpango mkubwa. Tangazo linadai kubadili treni pale Sabil ni dakika nne. Uongo mtupu, na nitauthibitisha kwa kumtumia mtu halisi: Mama. Miaka sitini na minne, goti bovu, mkononi sufuria ya mahshi, mboga zilizojazwa wali, anayompelekea mama mdogo. Ngazi za umeme pale zimekufa. Nilikadiria robo saa, tukijaliwa dakika ishirini.

Nilimsihi atembee kama kawaida, asiniangalie mimi wala saa. Mama akasema yeye hajawahi kutembea kwa kumwangalia mtu.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Ngazi moja, pumziko. Ngazi ya pili, pumziko na lawama kwa serikali tatu zilizopita. Nilikuwa na furaha tele. Kisha, kutoka juu, Mama akaiona treni ya pili imesimama, milango wazi, na ndani yake kiti kimoja kitupu.

Sijapata kuona kitu kama kile. Goti likapona. Sufuria ikapanda kichwani. Alishuka zile ngazi, akawapita wanafunzi wawili na mwanajeshi, akaingia, akakaa, akaweka sufuria mapajani na kunipungia mkono dirishani. Milango ikafungwa. Mimi nikabaki jukwaani.

Dakika tatu na nusu.

Na nani alikuwa ameegemea nguzo pale, na daftari lake? Ustadh Wagdi wa ghorofa ya pili. Alinifundisha hesabu kidato cha pili na hajanisamehe. Yeye anaitaka njia mpya, binti yake anasoma chuo kikuu na hubadili mabasi mawili. Amepima safari ya Mama kwa sekunde. Akanipongeza. Akasema ni mara ya kwanza namletea jibu sahihi.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala nimemfuata Ustadh Wagdi kwake ili tuafikiane kiungwana. Nilipeleka keki ya basbusa. Nilipendekeza asiitaje safari ya Mama, nami nisitaje kwamba amepanda metro bila tiketi. Akatoa tiketi. Huyu mtu hutunza tiketi zake.

Amenionyesha mchoro alioupaka rangi mwenyewe. Mstari mwekundu ni watakaochelewa, wa kijani ni watakaowahi. Nilitaka kuudharau lakini nikajikuta nimeinama juu yake nusu saa, nauliza hili nauliza lile. Kumbe treni moja ikipinda, mtu wa mbali kabisa, ambaye hata hapandi njia yetu, anapata nafasi ya kusimama. Ni kama kumsogeza mtu mmoja kwenye sofa la Mama siku ya Idi. Uzuri ulioje.

Mwisho akaniuliza mimi hasa nachelewa wapi. Nikajikatia kipande cha basbusa. Yeye si mjinga, na ukuta wa jengo letu ni mwembamba. Akasema, "Bahgat mwanangu, unataka watu elfu arobaini wakubebee mapenzi yako mabegani."

Maneno mazuri. Nitayatumia kwenye hotuba yangu, nikiyageuza kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika, maana usingizi umekataa kuja.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele wakubwa watatu wa metro, nyuma yao mtaa mzima. Mama na Galila walikaa safu ya pili na mbegu za maboga, kama watu waliokuja harusini. Shahinaz kando yangu. Nilimshika mkono chini ya kiti. Vidole vyake vilikuwa baridi, nikavipasha moto.

Nilisema vizuri. Nilitaja wafanyakazi, wazee, watoto, uchumi. Ndipo afisa mmoja, kijana mwenye macho ya huruma, akauliza: na wewe binafsi, kaka, utaathirikaje?

Sijui nini kilinipata. Nadhani ni yale macho. Nikasema kweli. Nikasema tumeoana juzi, tunaishi kwa Mama, kuna kabati, kabati linakohoa, na treni hii ndiyo chumba pekee tulicho nacho. Nikasema mkiipinda hapo Sabil mnayakata mazungumzo yetu katikati, kwa sababu kwenye ngazi hakuna anayesema neno la mapenzi, kila mtu anahema.

Mtu nyuma akasema mpeni behewa lake, jamani. Ukumbi ukalipuka. Galila alificha uso kwenye mfuko wa mbegu. Mama hakucheka. Alisimama, akageuka, akaniuliza mbele ya watu wote, "Kwani mimi nimewafungia mlango?"

Akafuata Hajati Tafida. Hakuwa na hotuba. Alitaja mabasi anayopanda, akataja siku ambayo alianguka kati ya basi la kwanza na la pili na begi lake likapasuka, machungwa yakaenda barabarani na hakuwa na nguvu ya kuyafuata. Akakaa.

Wakaomba wanaoikubali njia mpya wanyooshe mikono. Shahinaz alikuwa analia kidogo. Akanyoosha mkono. Tatizo ni kwamba nilikuwa bado nimeushika. Ulipopanda, wangu ukapanda nao, mpaka juu, ukumbi mzima ukiona. Ustadh Wagdi alihesabu kwa sauti na alihakikisha anatuhesabu wawili.

Njia mpya imepita.

Nyumbani Mama alikaanga bilinganya kwa kelele. Baada ya chakula akatangaza kwamba kuanzia kesho, kila jioni baada ya Magharibi, yeye na Galila watakwenda kwa jirani saa nzima, na kwamba mlango una ufunguo, na ufunguo huo yeye hajaumeza.

Jumapili, 23 Novemba

Njia mpya imeanza leo. Nilijiandaa kwa huzuni, nilivaa hata shati la kijivu. Tukashuka Sabil. Ngazi, kuhema, kimya, kama nilivyotabiri. Kisha upande wa pili tukaambiwa treni bado.

Tukangoja dakika tisa. Kuna benchi pale. Benchi la mawe, chini ya saa, na hakuna aliyelikalia kwa sababu wote husimama ukingoni kuwahi viti. Tukakaa. Kukaa! Siku hamsini na nne za ndoa na ndiyo mara ya kwanza nimeuona uso wote wa mke wangu asubuhi, badala ya paji tu. Ana kovu dogo karibu na sikio. Nikamuuliza. Alianguka kwenye baiskeli ya kaka yake akiwa na miaka saba. Sikujua. Nataka kujua yote.

Hajati Tafida tulimwacha ndani ya treni, amekaa, begi mapajani. Alitupungia.

Jumatano, 26 Novemba

Hatari. Nimesikia kituoni kwamba wakubwa wamepokea malalamiko juu ya kungoja pale Sabil. Wataongeza treni. Dakika tisa zitakuwa tatu. Aliyepeleka malalamiko yenye mchoro wa rangi ni Ustadh Wagdi. Nilijua.

Sitakubali. Dakika tatu hazitoshi hata kumaliza habari za ile baiskeli. Nimeanza karatasi mpya ya saini, ninaomba treni zije polepole zaidi, na nina mpango juu ya yule karani wa mapacha, atasaini bila kusoma.

Naandika haya mezani. Mama na Galila wametoka tangu adhana, kama kila jioni. Nyumba ni kimya hata nasikia bomba la jikoni. Shahinaz amefunga mlango kwa ufunguo, ameleta chai ya nanaa, amejifunga kile kitambaa cha komamanga, na ameketi mbele yangu. Ameniuliza mara mbili kama nitamaliza karibuni. Nimemwambia kidogo tu, mpenzi, nafanya hivi kwa ajili yetu. Akasema kuna jambo anataka kuniambia, tena la muhimu, na chai inapoa.

Mke wangu huyu, moyo wa dhahabu. Nimemsihi aliweke mpaka kesho, pale kwenye benchi, ambapo tutakuwa na nafasi.

Mama anapanda ngazi. Saa imekwisha, na kwenye karatasi nimefika kuchora mstari wa saini ya nane.