Ombi la Kuhamishia Upepo Kijiji cha Mshikamano

Tabora,
11 Septemba 1975

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kuhamia Vijijini.

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Mimi ni Fakhria binti Humaidi, mchora ramani wa Kamati yako, yule msichana ambaye mlinzi wa mlangoni bado humwuliza amekuja kumwona nani. Naandika kwa heshima kumshtaki mkaidi mmoja, naye ni upepo.

Tumepewa pampu moja inayozungushwa na upepo ili kuvuta maji kisimani. Bado imo ndani ya makasha, nami ndiye niliyeagizwa kuichagulia mahali. Nisipopata jibu kabla ya mwisho wa mwezi itapelekwa mkoa mwingine, na akina mama wa Mshikamano wataendelea kutembea saa mbili kufuata maji ya tope.

Nilifanya kama nilivyofundishwa chuoni. Nilichora eneo lile lile mara tano kwenye karatasi zinazopitisha mwanga: upepo, maji ya ardhini, miti, nyumba, njia ya lori. Kila jambo nikalipa alama kwa uzito wake, upepo arobaini katika mia, na pasipofaa nikapatia wino. Kisha nikazipanga karatasi zote juu ya kioo cha dirisha. Panapobaki peupe ndipo penyewe. Nilijiona mtu mkubwa sana, hata chai nikasahau kunywa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Palibaki peupe mahali pamoja tu, kilima cha Kagongo, walikokaa watu wa Mshikamano hadi mwaka jana, tulipowahamishia chini kando ya barabara ya Puge. Watu walipanda lori pamoja na kuku wao. Upepo ulibaki kule juu, bila kutoa sababu wala kuomba ruhusa.

2. Upepo una urafiki na mambo ya kale. Nilipomweleza baba, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanangu, misafara ya babu yako ilikuwa ikipiga kambi Kagongo kwa ajili ya upepo huo huo, mbu hawatui. Na wewe umekaa dirishani miezi mitatu?" Ukoo wetu uliijua njia ile kwa miguu ya wapagazi, nami naijua kwa penseli. Kwetu hakuna aliyetembea mwenyewe.

3. Upepo unawafundisha raia wema udanganyifu. Niliacha kipima upepo pale Mshikamano, kile chenye vikombe vinavyozunguka, nikamwachia Ndugu Tobias, mwenyekiti wa kijiji, daftari la kujaza. Likarudi na upepo wa ajabu: kila siku saa nne asubuhi, mkali kuliko wa Kagongo. Niliandika kurasa sita kuufafanua, nikitaja joto la barabara. Halafu nikaenda bila taarifa. Nilimkuta Mama Koleta, mmoja wa wale wafuata maji, amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, anavipepea vikombe kwa ungo, na Ndugu Tobias anahesabu mizunguko. "Pepea, mama, pepea! Wakubwa wanataka upepo!" Nikamwamkia yule mama, shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema huku akihema. "Huu unatosha, au niongeze?"

Zile kurasa sita nimezichana.

4. Kwa hiyo naomba upepo upewe notisi ya siku saba. Ukikaidi, ubomolewe nyumba. Najua hauna nyumba. Basi ujengewe kwanza. Lori lililowabeba watu lipite Kagongo turubai likiwa wazi, liuchukue.

5. Ikiwa upepo hautaki kuachana na kilima, viletwe vyote viwili. Nimekwisha kukichora kilima kando ya barabara, kwa penseli laini. Kinapendeza, ila kimeikalia zahanati.

Wafikishie salamu wajumbe wote, makarani, na yule mlinzi, ambaye sasa nadhani huuliza swali la haki.

Wako katika kazi,
Fakhria binti Humaidi

Baada ya sahihi: Kabla ya kufunga bahasha nilitafuta ramani iliyotumika kupachagua Mshikamano, niiambatanishe kama ushahidi. Nimeipata. Alama nyingi kuliko zote zimepewa mahali pasipo na upepo, ili mapaa ya nyasi yasing'olewe. Mwandiko ni wangu. Nilikuwa na wiki mbili kazini, na huko nilikuwa sijafika.

Tafadhali usiupelekee upepo notisi; ulikaa pale pale nilipowaondoa watu. Nimeambatanisha fomu ya pampu, mahali: Kagongo, na sahihi. Mama Koleta nimekwisha kumwambia. Ameuliza kama watakaorudi juu kufuata maji watapelekwa mahakamani, maana kurudi makazi ya zamani ni marufuku. Nimemwambia wakiulizwa wamehamishwa na nani, waseme ni Fakhria, mara zote mbili.