Malalamiko Kuhusu Mgandamizo Uliowapatanisha Wanangu

Lumuma, Kilosa.

Kwa Mkuu wa Idara ya Fizikia,
Chuoni anakosoma mjukuu wangu Imani.

Ndugu Mkuu,

Kama hujafika miaka sabini na mitatu, marahaba. Kama umenizidi, shikamoo, na pole na kazi.

Mimi ni Costancia, Mama Cleopa, mwalimu mstaafu. Imani alipokuja likizo ya Pasaka nilimwuliza anasoma nini hasa, maana kanisani tunamwombea bila kujua tunaombea kitu gani. Akanionyesha kwa mafiga yangu. Alisema yapo mawe ya metali adimu, na kila chembe ndani yake ni kisumaku kinachotaka kuelekea kinyume na jirani yake. Vikiwa viwili, sawa. Vikiwa vitatu kama mafiga, cha tatu kinakwama: kikikipinga hiki, kinakuwa kimekubaliana na kile. Basi vinabaki shaghalabaghala hata kwenye baridi kali. Lakini ukivibana kati ya almasi mbili, huenda vikajipanga. Alitoa na tahadhari kwamba huwezi kujua vitaelekea wapi. Hapo nilikuwa nasonga ugali.

Ndugu Mkuu, hao ni wanangu kabisa. Cleopa akisali ibada ya kwanza, Petro atasali ya pili. Cleopa akipanda vitunguu, Petro atapanda maharage. Alfred, mdogo wao, hana ibada iliyobaki wala zao lililobaki, akaishia kuhamia Mikumi kuziba pancha. Hawajala pamoja tangu tumzike baba yao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Idara yako inafundisha mambo ya kweli bila kuweka onyo. Almasi sina, nina stoo ya vitunguu. Niliwaita wote watatu kwamba naumwa, nikawatuma stoo wanitolee gunia, nikafunga mlango, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Magunia yalikuwa yamejaa mpaka darini. Hawakuwa na pa kugeukia.

2. Walitoka wamejipanga. Cleopa akasema, "Mama, safari hii tumekubaliana." Nilikuwa nimeshafungua kinywa nipige vigelegele. Kumbe wamekubaliana kwamba sifai tena kuishi peke yangu huku mlimani, nihamie Mikumi kwa Alfred. Mikumi, ambako malori hayalali na nyani anaingia jikoni bila hodi! Na kaburi la mume wangu nimwachie nani? Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema kwamba watatu wakibanwa, humgeukia mwenye zizi.

3. Sina tena mtetezi. Zamani nikitaka jambo, nilikuwa namwambia Petro kwamba Cleopa amekataa, na kesho yake limefanyika. Bati za nyumba hii nilizipata hivyo. Sasa nikimwambia Petro kwamba Cleopa amekataa, anampigia simu kumwuliza. Nyumba imekuwa haitawaliki.

Kwa hiyo naiomba Idara ilete mashine ya kuwalegeza wanangu warudi walivyokuwa. Kama haipo, njoo wewe mwenyewe, nikutangaze mtoto wangu wa nne, kazi yako iwe kuwapinga. Chakula kipo, na kitanda cha Alfred kiko wazi.

Wasalimie walimu wenzako wote, wapishi na mlinzi wa geti. Imani mwambie ale, amekonda.

Ni mimi mchimba kisima niliyeingia mwenyewe,
Costancia, Mama Cleopa.

N.B. Barua hii sikuiposti jana, na leo mambo yamebadilika. Asubuhi wamekuja wote watatu kunishawishi. Nimekataa, wakaenda jikoni wakala ugali kwenye sinia moja huku wakinisema. Alfred anawauliza wenzake, "Hivi huyu mama ubishi kautoa wapi?" Wakacheka mpaka Petro akapaliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikalia kwa furaha. Tafadhali usije, wala usilete mashine. Mikumi nitakwenda, nguo nimeshafunga, ziko chini ya kitanda. Ila Imani asiwaambie, maana siku nikikubali tu, kila mmoja atageukia kwake. Nitaendelea kukataa mpaka Krismasi.