Mchujo Bila Mechi

Kwa niaba ya Kamati ya Uainishaji na Mchujo ya Kombe la Undugu, napenda kuwatangazia wazazi, walezi na wapenzi wote wa mpira wa shule za sekondari za upande wetu wa London kwamba msimu huu kamati ilipiga hatua ambayo hakuna kamati nyingine ya mpira iliyowahi kuipiga. Tuliandaa mchujo usio na mechi hata moja.

Ninayeandika ni mimi, Mama Njoroge, mjumbe anayewakilisha mabibi wenye wajukuu. Katibu wetu, Bwana Protas, ndiye aliyepaswa kuandika, lakini tangu siku ya kukabidhi kombe hapendi kuguswa na habari hizi, nikamwambia asijisumbue. Ni mtu mwema. Kila mvua ikinyesha hunishika mkono akanivusha Edgware Road, hata siku ambazo sikukusudia kuvuka.

Kwanza nieleze uainishaji, maana watu wameusema vibaya.

Zamani timu za wasichana tulizipanga kwa idadi ya wanafunzi. Shule kubwa zilikaa Daraja la Kwanza, ndogo Daraja la Tatu. Shule kubwa zikalalamika kwamba kuwa na wanafunzi wengi si kuwa na wanafunzi wanaopenda mpira. Tukaona wana hoja. Tukaagiza wahesabiwe wale wanaopenda mpira tu. Mwaka huo shule ya Harlowmead, kule Rayners Lane, ambayo kengele ya kwenda nyumbani ikilia barabara nzima hugeuka rangi ya sare zake, ilitujulisha kwamba wapenda mpira wake ni kumi na mmoja, na mmoja wao ana mashaka. Ikashushwa Daraja la Tatu. Kule ikawafunga watoto wa shule ndogo mabao mengi hata refa akaona huruma, akapuliza kipyenga kabla ya wakati. Malalamiko yakaanza upya. Tukajaribu kuwapanga kwa urefu wa wachezaji, lakini wasichana wa umri ule hawawezi kubaki na urefu mmoja mpaka msimu uishe.

Ndipo Mwenyekiti wetu, Bwana Dhiren, akabuni Kipimo Jumuishi cha Hadhi ya Shule. Kipimo hiki hakiangalii mabao, kwa sababu mabao, alivyotueleza, leo yapo na kesho hayapo. Kinaangalia mambo ya kudumu: nyasi za uwanja, maegesho ya magari, sare kama zimepigwa pasi, na mlango wa choo kama unafungika kwa ndani. Harlowmead ikapanda papo hapo Daraja la Kwanza. Mjukuu wa Bwana Dhiren, Seema, ndiye nahodha wa pale. Jambo hilo halikuathiri kipimo. Alituambia mwenyewe.

Shule ya Quillbrook, hapa kwetu Kilburn, ilipata Daraja la Tatu. Haina nyasi. Wasichana wake hucheza juu ya lami, kati ya mapipa ya taka na baiskeli za walimu. Mjukuu wangu Mumbi ndiye kipa wao, na magoti yake hayajawahi kupona yote mawili kwa wakati mmoja. Msimu huu waliwafunga wote waliokutana nao, wakaingia mchujo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa pia mara ya mwisho, kwa sababu shule inafungwa Julai. Kodi za nyumba zimewafukuza watu wenye watoto, madarasa yamebaki matupu, na wasichana hao watagawanywa katika shule nne. Hapakuwa na mwaka kesho.

Kikao chenyewe tulikifanya Edgware Road, katika chumba cha nyuma cha mkahawa ambao mwenyewe hutuazima bure, akitufunika na moshi wa nyama za wateja wake.

"Ndugu wajumbe," alisema Bwana Protas, "ratiba inaonyesha kwamba katika mechi pekee ya mchujo, ya kuamua bingwa, Quillbrook ya Daraja la Tatu itakutana na Harlowmead ya Daraja la Kwanza. Kuna hatari."

"Hatari gani?" nikauliza.

"Hatari ya matokeo, Mama."

Bwana Balwinder, anayewakilisha wazazi wenye magari, alitikisa kichwa. "Nimewaona hao wa Kilburn. Wanakimbia kama basi la mwisho linawaacha."

Bwana Dhiren alivua miwani akaifuta taratibu, kama afanyavyo akitaka kutuelimisha. "Wakishinda, uainishaji wetu utaonekana uongo. Wakishindwa, watu watauliza kwa nini tuliwasumbua watoto kukimbia kwenye baridi ili wapate jibu ambalo kamati ilikuwa nalo tangu mwanzo. Sasa hiyo mechi ni ya nini?"

"Arrey, Dhirenbhai," alishangaa Balwinder. "Mpira bila mpira?"

"Watu walifika mwezini kwa hesabu. Kuna aliyetangulia kwa miguu kuhakikisha?"

Bwana Protas akasimama kusoma pendekezo: kwamba, kwa kuzingatia ukamilifu wa Kipimo Jumuishi, mchakato wa mchujo utekelezwe kwa njia ya tathmini, na timu yenye daraja la juu itambuliwe kuwa imeshinda pasipo usumbufu wa uwanjani.

Hapa lazima wageni waelewe utaratibu wetu. Sisi hatupigi kura. Kura huleta uadui; mtu atakumbuka mpaka mazishini mkono wa nani ulikuwa juu. Tunapitisha kwa makofi, kama tulivyozoea nyumbani Afrika Mashariki. Basi Bwana Protas alipotamka neno la mwisho, mwenye mkahawa aliingia na sinia la chai ya maziwa na sambusa zilizotoka kwenye mafuta dakika hiyo. Wajumbe, ambao njaa iliwashika tangu ajenda ya pili, wakapiga makofi kwa nguvu.

Bwana Protas akaandika: limepita kwa kauli moja.

"Mimi nilizipigia sambusa," alisema Balwinder.

"Makofi ni makofi, kaka. Katiba haiulizi yalikuwa ya nini."

Jioni nilimweleza Mumbi. Alikuwa jikoni akisugua glavu zake kwenye sinki, na akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukitumia akitaka kitu.

"Hatuchezi? Kabisa?"

"Mmeshatathminiwa, mpenzi."

"Shosho, nani ametuona tukicheza?"

Nilifikiri. "Balwinder alipita na gari."

Akakung'uta glavu maji yakanirukia. Halafu akachukua taulo akanifuta uso, polepole, kwanza jicho moja kisha la pili. Ndipo akahamia Kiswahili. "Shosho, nataka tu kucheza nao. Wakitufunga, sawa. Lakini watufunge wao."

Kamati yetu ina mlango wa rufaa, na mlango huo uko wazi. Mumbi alikuja kikao kilichofuata pamoja na rafiki yake Miradie, winga wa kushoto aliyevunjika mkono akafungwa plasta yenye saini za darasa zima. Mama yake Miradie anatoka Bukavu, kule Kongo ambako kila mzee huitwa papa, na mtoto huyo hamwogopi mtu. Bwana Dhiren alisimama akampa Mumbi kiti chake mwenyewe, akammiminia chai, akatia sukari. Sijaona rufaa ikipokelewa kwa upendo zaidi.

"Beta, mwanangu, unalalamikia nini hasa?" akamuuliza.

"Tumeshindwa, Anko, na hatujacheza."

"Hamjashindwa! Mmetambuliwa kuwa wa pili. Wewe ni kipa. Umefungwa bao?"

"Hapana."

"Basi. Kipa gani mwingine katika London anaweza kutoka kwenye mchujo hajafungwa?"

"Papa," alisema Miradie, "wewe unajua kucheza mpira?"

"Mimi ni msimamizi."

"Niliuliza unajua kucheza."

Bwana Protas alieleza kwamba swali hilo lilikuwa nje ya ajenda. Rufaa ikatupwa, wasichana wakapewa sambusa za kwenda nazo nyumbani, zimefungwa vizuri kwenye karatasi.

Bwana Dhiren alitueleza pia kwamba Seema, alipopewa habari za ubingwa, alijifungia chumbani akalia, na chakula akakataa. Tulikubaliana kwamba ilikuwa furaha.

Siku ya kukabidhi kombe ilikuwa Jumapili. Tulikodi ukumbi karibu na stesheni ya Kilburn, tukapanga viti, tukatundika mapambo. Mgeni rasmi alikuwa Daktari Daksha, daktari wa meno anayeheshimika sana, aliyekuja na viatu vya visigino virefu na hotuba kuhusu ari ya michezo. Alifika kwa wakati. Mabingwa hawakufika. Hata walioshindwa hawakufika, wala wazazi, na aliyekuja ni mzee mmoja aliyedhani kuna ibada. Tulimpa keki.

Bwana Dhiren akampigia Seema simu na kuweka sauti ya nje, ili mgeni rasmi asikie nidhamu ya mtoto. Tulichosikia ni upepo, kelele, na Seema akihema: "Siwezi kuongea! Kipindi cha pili kinaanza!"

"Kipindi cha pili cha nini?" akauliza Bwana Dhiren. Simu ilikuwa imekatika.

Mzee yule wa keki akatuambia kwamba aliwapita wasichana wakicheza mpira bustanini, si mbali na ukumbi, kule nyuma ya reli. Tuliondoka kwa heshima, Mwenyekiti mbele na kombe, mgeni rasmi akifuata, nami nyuma na kilichobaki cha keki. Pale bustanini tuliwakuta wote. Wazazi wa Kilburn na wa Rayners Lane walikuwa wamechanganyika pembeni mwa uwanja, wakigawana chai ya chupa. Irene, muuguzi anayekaa ghorofa ya juu yangu, alikuwa refa, bado na viatu vya zamu. Walikuwa sare, bao moja kwa moja. Mumbi alikuwa golini, matope mpaka masikioni.

Miradie alitusimamisha kwa mkono wake wa plasta.

"Papa, simama kwanza. Watazamaji wameainishwa."

"Mimi ni Mwenyekiti wa Kombe hili."

"Cheo hatukuhesabu. Tunaangalia mambo ya kudumu." Akamtazama kuanzia chini. "Viatu vya ngozi. Koti refu. Umefika nusu ya mechi. Daraja la Tatu."

"Na Daraja la Tatu linakaa wapi?"

"Halikai. Linaokota mipira."

Daktari Daksha, aliyevua visigino vyake bila kuambiwa, alipewa Daraja la Kwanza, kiti cha kukunja na blanketi la mtu. Balwinder alipanda hadi la Pili kwa sababu garini alikuwa na machungwa. Mimi niliwekwa karibu na Daktari, kwa ajili ya keki. Bwana Protas alipelekwa nyuma ya goli la Harlowmead. Bwana Dhiren alipewa nyuma ya goli la Mumbi, ambako kuna ukuta wa vichaka vya miiba.

"Nitakata rufaa," alisema.

"Karibu sana, papa. Baada ya mechi."

Mpira wa kwanza aliuendea kwa hadhi, koti limeshikwa kwa vidole viwili. Wa pili aliuendea haraka kidogo. Baada ya hapo nilimwona akikimbia, na akirudi alikuwa akipiga kelele kama watu wengine: "Seema! Upande wa kulia, beta! Kulia!" Wakati mmoja alimrudishia Mumbi mpira akaupangusa kwanza kwa skafu yake. Hilo sikulisahau.

Ilibaki dakika ya mwisho. Seema alipiga shuti kali, Mumbi akaruka akalipangua kwa ncha za vidole, mpira ukapita juu ya goli ukaingia kwenye miiba. Kona. Bwana Dhiren akazama vichakani, tukabaki tunaona matawi yakitikisika.

Lakini Balwinder alikuwa na mpira mwingine garini. Akautupa. Ukapigwa haraka, ukaja juu, na Seema akapanda kati ya mabeki wawili akaupiga kichwa. Mumbi aliugusa. Haukutosha. Irene akapuliza kipyenga cha bao, na mara akapuliza cha mwisho. Harlowmead wameshinda, kama kamati ilivyokuwa imetabiri.

Mumbi alikuwa amelala chali kwenye matope. Nilipomfikia alikuwa anatabasamu meno yote nje.

"Nimefungwa, Shosho," aliniambia. "Umeona alivyoruka?"

Hapo ndipo Bwana Dhiren alipotoka vichakani, skafu imechanika, mkono una damu kidogo, mpira ameuinua juu kama mtoto mchanga. "Huu hapa! Kona ipigwe!"

"Imeshapigwa," alisema Irene.

"Hizo kelele zilikuwa za nini? Nani amefunga?"

Mumbi ndiye aliyejibu. "Seema, Anko. Kwa kichwa."

"Kwa kichwa? Seema anaogopa mipira ya juu. Tangu mdogo anainama."

"Leo hakuinama."

Bwana Dhiren alimgeukia Irene, akajinyoosha. "Kamati inaelekeza kona hiyo irudiwe."

"Kwa sababu gani?"

"Mimi sikuona."

Bwana Protas, ambaye ni mwaminifu, alianza kupiga makofi. Alipiga mawili, akatazama huku na huku, akaweka mikono mfukoni. Kule katikati ya uwanja wasichana wa timu zote mbili walikuwa wamembeba Seema juu juu, na babu yake alibaki kati ya milingoti akiwa na mpira ambao haukuhitajika.

Mumbi aliinuka. Alimshika mkono wa koti, akamweka palepale alipokuwa amesimama yeye, juu ya mstari wa goli, akamgeuza mabega.

"Angalia, Anko. Kona ilitoka kule." Akaonyesha kwa glavu yake chafu. "Ukaja hivi, juu. Mimi nilikuwa hapa. Yeye akatokea pale, nyuma ya yule mrefu, akapanda. Ukapita hapa, kwenye vidole vyangu."

Macho ya Mwenyekiti yalifuata glavu ile hewani, toka kona mpaka wavuni, ambako hapakuwa na kitu.

"Tena," akasema. "Polepole."